Barua Zilizofichwa Ndani ya Windows

Barua kumi na moja za mama mkwe wangu nilizifuta mimi, kwa mkono huu huu, Jumamosi moja ya Machi 2009, na nilizifuta kwa sababu ya heshima. Sikuwa nimelewa, sikuwa na haraka, wala stima haikupotea. Nayasema haya mapema kwa sababu watu wakisikia fundi wa kompyuta amepoteza kitu cha mtu, hudhani alikuwa mzembe. Mimi si mzembe. Mimi nimechoka tu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Nina duka la kutengeneza kompyuta Kitale, chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu. Mwaka huo kazi yangu kubwa ilikuwa kufuta Windows zilizoliwa na virusi na kuweka mpya. Virusi vilitembea na flash disk kama chawa wa bweni. Kila mteja aliniambia maneno yale yale: "Kila kitu yangu iko hapo kwa desktop." Si kweli. Sijaona bado binadamu anayejua vitu vyake viko wapi. Ndiyo maana nilikuwa na sharti moja ambalo sikumwondolea mtu yeyote, hata padri: kabla sijafuta, mwenye mashine anaketi kwenye stuli kando yangu, na kwa mkono wake mwenyewe anafungua kwenye nakala niliyomtolea kila kitu anachokithamini. Kisha namuuliza mara tatu, "Kuna kingine?" Wengi hukasirika mara ya pili. Mara ya tatu ndipo wanapokumbuka picha za harusi.

Mama mkwe wangu, Mwalimu Nasambu, hakuketi kwenye stuli.

Yeye ni Mbukusu wa Kabuchai, mwalimu mkuu mstaafu, mjane, aliyejijengea nyumba ndogo Bungoma mjini. Mimi ni Mkikuyu wa Moi's Bridge, mtoto wa wakulima wa mahindi. Kwa watu wa mke wangu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, wala hawaketi chumba kimoja. Wanaita bukhwe. Walubengo, aliyemuoa dada mkubwa wa mke wangu, ni Mbukusu halisi, naye alikuwa ameilegeza mila hiyo; alikuwa akimsalimia mama kutoka mlangoni na kumtania kidogo. Mimi mgeni niliishika kwa mikono miwili. Nilitaka waone kwamba Mkikuyu naye ana adabu zake. Miaka minane ya ndoa sikuwahi kumtazama yule mama usoni kwa muda wa kumaliza sentensi moja. Hata Januari ya 2008, tulipokimbia vurugu za baada ya uchaguzi kule Kitale tukajificha kwake wiki tatu, mke wangu na mtoto walilala ndani, mimi nikalala kwa jirani, na chakula changu kikawa kinapitishwa juu ya ua. Mama mwenyewe ndiye aliyepanga hivyo. Watu walikuwa wanachomeana nyumba, lakini bukhwe ilibaki bukhwe.

Sasa rudi kwenye ile Jumamosi ya Machi. Kompyuta ya mama ilikuwa sebuleni, na virusi vilikuwa vimeimaliza. Mama alikuwa chumbani kwake. Mke wangu, Nangila, aliweka kiti kwenye korido katikati yetu ili atupelekee maneno. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Baada ya binti yetu Ciru, mimba mbili zilikuwa zimetoka, kwa hiyo hii ya sasa tuliibeba sote nyumbani kama sinia la mayai.

"Muulize vitu vyake viko wapi," nikasema.

Nangila akauliza kwa Kibukusu. Kibukusu changu ni cha salamu, soko na matanga, hakinifikishi mbali. Sauti ya mama ikajibu polepole, kwa kirefu, kama mwalimu anayesomea watoto imla.

"Anasema ziko kwa folda ya Shule na ya Kanisa," Nangila akasema.

"Maneno yote hayo ni folda mbili?"

"Si unajua Mama. Anapenda kuelezea."

"Muulize kama kuna kingine."

Mama akajibu tena, safari hii kwa ufupi. Nangila akajinyoosha mgongo. "Anasema usiharakishe, uangalie kila mahali. Nimemwambia wewe si mtu wa haraka."

Mara ya tatu sikuuliza. Niliona haya. Ningemsumbuaje mwanamke mjamzito amhoji tena mwalimu mkuu, kana kwamba ninamshuku mama wa watu hajui vilivyomo ndani ya nyumba yake? Nikanakili folda ya Shule, nikanakili ya Kanisa, nikachukua na picha zote na kila kilichokuwa kwenye desktop. Kisha nikafuta. Alasiri nzima nilikaa nikitazama ule mstari wa njano ukisogea kwenye skrini ya buluu, nikila kuku peke yangu sebuleni kama bwana harusi. Tulirudi Kitale jioni nikijiona mkwe mwema sana.

Siku tisa baadaye simu yangu ikalia dukani. Ilikuwa meseji. Mama hakuwahi kunipigia wala kuniandikia. Simu zilikuja nyuma ya mila, na kwa kuwa hakuna mzee aliyewahi kuamua kama bukhwe inafika kwenye simu, sisi wawili tulikuwa tumejihadhari tu.

"Kibe, ni Mama. Barua zangu sizioni."

Nikajibu, "Barua gani Mama? Zilikuwa folda gani?"

Jibu lilichelewa. "Niliziweka ndani ya Windows yenyewe. Ziko kumi na moja. Ni za Nangila, za kusoma nikishakwenda. Yeye asijue."

Mbele yangu alikuwa amesimama mteja wangu, Mwalimu Cherop, na printa yake. Nikamwambia arudi kesho. Akaanza kulalamika, akaniona uso, akabeba printa yake akaenda.

Nilielewa mara moja alichokifanya, na sikuweza kumlaumu. Enzi hizo mtu akifungua folda ya Windows, kompyuta ilikuwa inamwonya: vitu vya humu ni vya mfumo, usiviguse. Mama alijua kwamba wanawe na wajukuu wakija likizo hupekua kila folda wakitafuta michezo na picha. Akaona mahali penye onyo ndipo mahali salama, kama mtu anayeficha ufunguo chini ya kuku anayelalia mayai. Nani angepeleka mkono huko? Wanawe hawakupeleka. Ila mimi ndiye niliyekuja kumchinja kuku.

Nilimwandikia azime mashine, asiandike kitu chochote ndani yake, anitumie kwa kampuni ya vifurushi. Kesho yake mchana ikafika Kitale. Nangila akaiona dukani akauliza. Nikamwambia power, kile kisanduku cha umeme, kimeungua. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza, na ulitoka mwepesi kuliko nilivyotarajia.

Kitu kikifutwa kwenye kompyuta hakiondoki papo hapo. Ni kama ubao wa shule: ukiufuta, mikwaruzo ya somo la jana bado unaweza kuisoma ukitega jicho. Lakini mimi nilikuwa nimeufuta ubao na kuandika somo jipya juu yake, kutoka kona hadi kona. Siku tatu mashine yangu ilichambua ile diski. Siku ya tatu majina yakaanza kutokea.

1 Mazishi. 2 Shamba la Kabuchai. 3 Derrick, yaani kitinda mimba wake, aliyekuwa chuoni Eldoret. 4 Ugonjwa. 5 Baba yenu. Na kadhalika hadi 7 Nasambu mdogo, nikajua hapo ameshaamua mtoto wetu atakuwa msichana, kwa sababu kwetu Wakikuyu binti wa pili huchukua jina la nyanya yake mzaa mama. Ya mwisho ilikuwa 11 Kibe.

Majina yote kumi na moja yalirudi bila hata herufi moja kupungua. Nilipoyafungua, ndani mlikuwa na visanduku na alama za kuuliza. Nilianza na ile ya kumi na moja, siwezi kudanganya. Takataka tupu. Nikajaribu programu nyingine, nikajaribu ya tatu niliyoazima kwa mtu wa Eldoret. Ile ya nne pekee ilikuwa na nusu ukurasa unaosomeka. Huwa sisomi vitu vya wateja. Lakini huwezi kujua kama umeokoa barua bila kuisoma.

"Nangila mwanangu, ukisoma hii utakuwa umeshajifungua. Uvimbe uko titi la kushoto. Niliuona mwezi wa nane nikadhani ni jipu. Daktari amesema umeshafika kwa ini na hakuna haja ya kunikata. Sikukuambia kwa sababu mimba ya kwanza ilitoka wakati tunamzika baba yako, na ya pili ikatoka wakati wa vurugu. Hii ya tatu haitatoka kwa sababu yangu. Utanikasirikia, na uko na haki, lakini utanikasirikia ukiwa na mtoto mkononi, kwa hivyo" na hapo vikaanza visanduku.

Niliisoma mara nne. Kisha nikafunga duka saa tano asubuhi, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya, nikaketi gizani ndani na mlango nimeurudisha. Huyu mama alikuwa amebeba kifo chake kimya kimya ili mwanangu azaliwe, na mimi nikamfutia kila alichokiandika.

Jumatano nikaibeba mashine hadi Bungoma. Nangila alitaka kuja, lakini miguu ilikuwa imemvimba, nikamwambia abaki.

Mama alifungua mlango mwenyewe. Nikainamisha macho nikatazama viatu vyangu.

"Ingia," akasema.

"Mama, mimi nitakaa tu hapa kwa veranda."

"Na nani atatupelekea maneno? Paka?"

Nikaingia. Nikaketi kwenye kiti kilicho karibu kabisa na mlango, yeye akaketi kile cha mbele yangu, na kwa mara ya kwanza katika miaka minane nikamwangalia. Alikuwa amekonda, sweta imemkalia kama imetundikwa ukutani. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba hadi vidoleni, ameulaza juu ya mto. Hata mtu asiyejua dawa angeuliza. Kama mwezi Machi ningemketisha kwenye stuli kama ninavyomketisha kila mtu, ningeuona.

Nikamweleza yote. Hakunikatiza.

"Zote?" akauliza.

"Zote Mama. Nimepata majina, na nusu ya ile ya nne."

"Umeisoma."

"Nimeisoma."

"Nilimwambia Nangila mara mbili. Nilisema huyu kijana aangalie hata kwa vitu vya mashine yenyewe, asidhani ni vya mashine tu."

"Aliniambia niangalie kila mahali."

"Ndiyo. Alifupisha. Na mimi singemweleza zaidi, angeuliza kwa nini."

Uchovu wa wiki nzima ukanipanda ukawa hasira. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia na ile korido. "Mama, si ungenitumia hata meseji siku hiyo? Maneno matano tu?"

"Ningekutumia meseji aje, na wewe hata kunisalimia huwezi?" Hakupandisha sauti. "Walubengo ananisalimia. Anasimama pale mlangoni ananiuliza kama nimekula. Wewe miaka minane unanitoroka, mtu anaweza kudhani umeniibia. Mila haikusema hivyo. Ilisema uniheshimu."

Nikarudisha macho kwenye viatu vyangu.

"Huu mkono hauandiki tena," akasema baadaye. "Washa hiyo kitu. Utaandika wewe."

Nikaunganisha nyaya. Akavuta kiti chake hadi kando yangu, karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake ikikwaruza. Akaanza kusema, nami nikaandika. Alitaja hadi alama, nukta, mkato, aya mpya, na nikikosea ananirudisha. Barua ya mazishi ilikwenda haraka: azikwe Kabuchai kando ya mumewe, hotuba ziwe tatu tu, na mtu asilete kamera ya video kumpiga picha akiwa ndani ya sanduku. Barua ya shamba ilikuwa ndefu na ilijaa mipaka na miti. Ya Derrick aliisema akiwa amefumba macho. Ile ya nne aliniambia nisijaze mwisho uliopotea, niache ile nusu, niongeze tu, "Nisamehe."

Ya saba, ya yule mtoto ambaye hajazaliwa, ilimshinda. Alianza mara tatu. Mimi vidole juu ya vibonye, nasubiri.

"Ile niliyoandika ilikuwa nzuri," akasema. "Niliandika asubuhi moja sina maumivu, maneno yakaja yenyewe. Sasa nitasema uongo tu. Wacha."

"Tunaweza kujaribu wiki ijayo, Mama."

"Wacha, Kibe."

Kati ya yote niliyompotezea, hiyo ndiyo inayoniuma. Nyingine zilikuwa maagizo, na maagizo yanaweza kusemwa tena. Ile ilikuwa mkono wake juu ya kichwa cha mtoto ambaye hatamwona akikua.

Tuliandika sita kwa jumla. Alipochoka kabisa nikajipa moyo nikauliza, "Na ile ya kumi na moja?"

Akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. "Hiyo ipotee tu. Nilikuwa nimekukasirikia nikiandika."

Kisha akanifanya niape. Nangila asijue lolote hadi mtoto azaliwe, miezi mitatu na kitu, na yeye atajitahidi kufika hapo. Nikaapa kwa jina la Ciru. Akapika chai kwa mkono mmoja, akakataa nimsaidie, tukainywa kwenye meza moja. Aliniuliza habari za mama yangu na mahindi ya Moi's Bridge. Tuliongea kama watu waliofahamiana zamani wakapotezana. Nilipoondoka alisimama mlangoni akaninyooshea mkono wa kulia. Nikaushika. Ulikuwa wa moto na mwepesi.

Nilifika nyumbani Kitale saa kumi na moja jioni. Nangila alikuwa jikoni anachagua maharagwe kwenye ungo uliolazwa juu ya magoti yake, na Ciru anachora mezani.

"Mashine imewaka?"

"Imewaka."

"Na Mama anaendeleaje?"

"Yuko sawa. Anakusalimia. Amesema ukilala uinue miguu juu ya mto."

Maneno hayo nilikuwa nimeyapanga tangu Bungoma, nikayarudia njia nzima hadi yakalainika. Nangila akatabasamu, akaendelea kuchagua maharagwe. Nikavua viatu. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba niliamini nimeshapita mtihani.

"Leo nani alikuwa anawapelekea maneno?" akauliza.

Hilo sikuwa nimelipanga.

"Derrick yuko Eldoret," akasema mwenyewe. "Na msichana wa jirani leo ni siku ya shule."

"Tuliongea tu kidogo."

"Mlangoni?"

Ningesema ndiyo. Neno moja tu. Lakini nilikuwa nimedanganya zaidi ya wiki nzima, na ulimi ulinilalia mdomoni.

"Ndani," nikasema.

Mikono yake ikasimama juu ya maharagwe. "Mliketi?"

"Tuliketi."

"Mama alikuketisha ndani." Hakuwa ananiuliza. "Mlikunywa chai?"

Nikavisogeza viatu chini ya kiti. Akauweka ungo chini polepole, akamwambia Ciru aende kucheza nje, akangoja mpaka mlango ukafungwa. Kisha akashika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Hata watu walipokuwa wanachomewa nyumba, Mama hakukuingiza ndani," akasema. "Alikulaza kwa jirani. Baba Ciru, nitazame. Ni ugonjwa gani?"